Barua ya Wazi kwa Wahariri: Rudisheni Utafiti wa Mazingira kwa Watu Waliowapa

Kwa:
Mhariri Mkuu,
Wajumbe wa Bodi ya Wahariri,
na Uongozi wa Kampuni ya Uchapishaji.

Ndugu Mhariri Mkuu na wajumbe wa bodi,

YAH: JAMII ZINAZOTAFITIWA KUFUNGIWA UTAFITI KUHUSU MAZINGIRA YAO

Nawaandikia hadharani kwa kuwa faragha imeshindwa. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mhariri aliyeshughulikia makala yangu, ya pili kwa Mhariri Mkuu, ya tatu kwa ofisi ya mchapishaji. Ile ya kwanza ilijibiwa na kompyuta, kwamba imepokelewa. Mbili zilizobaki hazikujibiwa na mtu wala kompyuta.

Jarida lenu silitaji kwa jina. Ninyi wenyewe mnajijua, na ninayoyalalamikia hayafanyiki kwenu tu. Majarida mengi yanayochapisha sayansi ya jamii kuhusu mazingira yana desturi hizihizi, na ningependa wahariri wake nao waisome barua hii kama imeandikwa kwao.

Mimi si mgeni wala si adui wa jarida. Nimekuwa mtafiti wa sayansi ya jamii kwa miaka 14. Nimechapisha kwenu mara mbili. Nimewahakikia makala 11 bila malipo, nyingine usiku, nyingine nikiwa mgonjwa, kwa sababu niliamini kwamba jarida hili lina kazi ambayo majarida ya kemia na ekolojia hayawezi kuifanya: kueleza ni nani anayeubeba mzigo mazingira yanapoharibika, na kwa nini awe yeye. Bado naamini hivyo, na ndiyo maana nashindwa kunyamaza.

Nieleze kwanza kisa chenyewe. Makala yangu ya pili kwenu ilihusu jamii ya wavuvi na wakulima wa bustani wanaoishi upande wa chini wa mto unaopokea majitaka ya kiwanda. Nilikwenda na kurudi kwao kwa miaka minne, nikahoji watu 63. Lakini uti wa mgongo wa makala ile ulikuwa daftari la mvuvi mmoja mzee. Kwa zaidi ya miaka 20 aliandika kwa mkono wake kila siku maji yalipobadilika rangi, samaki gani walielea, mvua ilinyesha lini, na watoto wa nyumba gani waliwashwa ngozi baada ya kuoga. Hakuna ofisi yoyote iliyoupima mto ule kwa muda mrefu kiasi hicho. Alinikabidhi daftari lile nilinakili, akaniomba jambo moja tu: kitakachoandikwa kirudi kwake.

Makala ilikaa kwenu miezi 19. Ilipotoka ikawekwa nyuma ya ukuta wa malipo, haisomwi bila kulipia. Miezi michache baadaye kikaitishwa kikao cha hadhara kujadili kibali kipya cha kiwanda. Mawakili wa kiwanda walikuja na makala yangu mkononi, toleo rasmi lenye nembo yenu na namba za kurasa. Wakasoma kwa sauti sentensi mbili ambamo nilikuwa nimekiri mipaka ya utafiti, basi. Wanakijiji walikuwa na muswada niliowapa mimi. Walipotaka kuusoma, ukapingwa kwamba si toleo lililochapishwa, na mwenyekiti akalikubali pingamizi hilo.

Kikao kilipokwisha, mzee mwenye daftari aliniuliza: “Mwanangu, maneno yangu wale wameyapata wapi, na mimi sina?”

Sikuwa na jibu. Naleta swali lake kwenu, pamoja na malalamiko yafuatayo.

1. Waliotoa maarifa hawaruhusiwi kuyasoma

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Utafiti wetu hautoki maabara. Unatoka vinywani mwa watu, majumbani mwao, kwenye makaburi yao, kwenye mashamba yaliyokauka. Mtu anakupa saa tatu za siku yake, anakueleza jinsi mtoto wake alivyougua, anakuonyesha kisima alichokiacha. Kisha maneno hayo yanapewa hakimiliki ya kampuni, na yeye akitaka kuyaona anatakiwa alipie makala moja kiasi ambacho hawezi kukitoa. Mwenye kukiweza ni kiwanda. Maktaba ya kampuni ya mawakili inakiweza. Kwa hiyo ukuta wenu haumzuii kila mtu sawasawa. Unawapitisha wenye nguvu katika mgogoro na kuwazuia wasio nazo, na kuandika juu ya migogoro ya aina hiyo ndiyo kazi mliyojipa.

Tangu mkutano wa Rio wa mwaka 1992, kanuni ya 10 ya azimio lake inasema kila mtu apate habari za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, zikiwamo habari za vitu vya hatari katika jamii yake, na apate nafasi ya kushiriki katika maamuzi. Mkataba wa Aarhus wa 1998 uliifanya haki hiyo iwe sheria kwa nchi zilizouridhia. Mkataba wa Escazú wa 2018, ulioanza kutumika 2021, ulifanya hivyo kwa nchi zilizouridhia za Amerika ya Kilatini na Karibi. Najua mtasema mikataba hii inazifunga serikali, haiyafungi majarida. Ni kweli kisheria. Lakini makala ngapi mmechapisha zinazozilaumu serikali kwa kuwaficha wananchi habari za mazingira yao? Nimezisoma, ni nyingi na ni nzuri. Inakuwaje tuidai haki hiyo kwa serikali, na sisi wenyewe tukiwa na habari zilezile tuwafungie walewale?

Najua pia mtasema mwandishi ana ruhusa ya kumpa mtu nakala ya muswada. Nimeitumia ruhusa hiyo, na mmesikia ilivyonifikisha kwenye kile kikao. Kuweka muswada huo kwenye hazina ya wazi, ambako mtu yeyote angeupata, mmenizuia kwa miezi 24. Kibali cha kiwanda kinajadiliwa na kuamuliwa ndani ya miezi hiyo.

Nilitarajia kwamba baada ya nchi wanachama wa UNESCO kupitisha Pendekezo la Sayansi Huria mnamo Novemba 2021, jarida la sayansi ya jamii lingekuwa la kwanza kulichukua kwa uzito. Pendekezo lile halizungumzii tu kufungua makala. Linataka wanajamii washirikishwe na linataka mazungumzo na mifumo mingine ya maarifa. Hayo ni maneno ya fani yetu kabisa. Nimeyaona yamenukuliwa katika tahariri yenu. Sijayaona katika masharti yenu.

2. Mzee mwenye daftari hakuruhusiwa kuwa mwandishi mwenza

Niliwasilisha makala ikiwa na majina mawili, langu na lake. Fomu yenu haikukubali kuendelea bila jina la taasisi yake. Nikaandika jina la kijiji. Mhariri akanirudishia, akishauri mchango wake utajwe katika shukrani.

Katika shukrani tunawataja wanaotusomea rasimu na wanaotupa usafiri. Mtu aliyekusanya data kwa miaka zaidi ya 20, kwa utaratibu wake, tena akaisoma rasimu yangu kwa lugha yake na kunisahihisha mahali pawili ambapo ningeaibika, huyo ni mwandishi kwa kipimo chochote mnachokitumia kwa maprofesa.

Nilipouliza, nikaambiwa kuna suala la usalama na siri ya washiriki. Nalichukulia suala hilo kwa uzito. Katika makala ileile nimeficha majina ya watu 62. Huyu mmoja alikataa kufichwa. Alisema kiwanda kinamjua tangu zamani, na kwamba daftari lisilo na mwenyewe halina nguvu. Siri ya mshiriki ni haki ya mshiriki. Haigeuki kuwa kamba ya kumfunga mdomo.

Wala si jambo geni ninaloliomba. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, baada ya kuchoshwa na watafiti wanaochukua na kuondoka. Wanadai heshima, ukweli, haki na kujali. Huko Australia wanajiografia wamekuwa wakiandika pamoja na wazee wa Kiyolngu, wenyeji wa asili wa huko, na katika makala zao mwandishi wa kwanza ni ardhi yenyewe ya wazee hao, Bawaka Country. Majarida ya kimataifa ya jiografia yalizichapisha. Ikiwa jarida linaweza kuitambua ardhi kuwa mwandishi, sioni kwa nini fomu imshinde mvuvi.

3. Ushahidi wa watu unaitwa hadithi

Mhakiki wa pili aliandika kwamba daftari na mahojiano ni “maelezo ya watu binafsi” yasiyotosha kuwa ushahidi, akataka yahamishiwe kwenye kiambatisho na nafasi yake ichukuliwe na modeli ya takwimu. Mhariri aliafiki. Simlaumu mhakiki, huenda fani yake ni nyingine. Namlaumu aliyemchagua, na aliyeafiki bila kuuliza jarida hili lipo kwa kazi gani.

Turudi kidogo nyuma, maana fani yetu ina kumbukumbu. Mwaka 1986, baada ya mlipuko wa Chernobyl, mvua ilishusha siziamu, kemikali yenye mnururisho, kwenye vilima vya Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Kondoo wakapigwa marufuku kuuzwa. Wataalamu wakawaambia wafugaji kwamba marufuku ni ya wiki tatu tu, kwa kuwa siziamu itanaswa na udongo. Hesabu zao zilitokana na tabia ya udongo wa mfinyanzi. Vilima vile vina udongo wa mboji wenye asidi, na humo siziamu hainasi. Majani huinyonya na kondoo huila, mwaka baada ya mwaka. Wafugaji walikuwa na mengi ya kusema kuhusu vilima vyao, malisho yao na namna kondoo wao wanavyotembea. Hawakusikilizwa. Mwanasosholojia Brian Wynne alikwenda kuwasikiliza, na kazi yake ikawa msingi wa jinsi tunavyoelewa uhusiano wa wataalamu na wananchi. Marufuku ile ya wiki tatu iliondolewa katika mashamba ya mwisho mwaka 2012.

Sasa nauliza: mahojiano ya Wynne na wafugaji wale yangeletwa kwenu leo, yangepita? Au yangehamishiwa kwenye kiambatisho?

Mhariri aliongeza jambo la pili, kwamba kisa cha kijiji kimoja “hakina mvuto wa kimataifa”. Neno hili limewavunja moyo vijana wengi ninaowasimamia, kwa hiyo naomba nilijibu kwa kirefu kidogo. Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin alichapisha katika jarida la Science hoja yake maarufu kwamba malisho ya pamoja lazima yaangamie, kwa sababu kila mfugaji ataongeza mifugo mpaka nyasi ziishe. Malisho yale yalikuwa ya kufikirika. Hakukuwa na kijiji hata kimoja ndani yake, na hata hivyo mvuto wake ulikuwa wa kimataifa kupita kiasi: serikali nyingi ziliitumia hoja hiyo kunyang'anya jamii misitu na malisho yao. Aliyeijibu kwa ushahidi ni mwanasayansi ya siasa Elinor Ostrom. Alikusanya visa kimoja kimoja: malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani, mifereji ya umwagiliaji ya Valencia na ya Ufilipino. Kila kisa kilikuwa cha mahali pamoja, kimeandikwa na mtu aliyekaa hapo na kuhesabu nani anapata maji siku gani. Visa vilipowekwa pamoja ikaonekana kwamba watu hujitungia kanuni, huzisimamia na huzidumisha kwa karne nyingi. Mwaka 2009 Ostrom alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Bila waandishi wale wa kisa kimoja asingekuwa na cha kukusanya. Kila mnapokikataa kijiji kimoja, mnamnyima Ostrom wa kesho malighafi yake.

4. Ada ya uchapishaji imewekwa kwa kipimo cha mifuko isiyo yetu

Niliambiwa kwamba nikitaka makala iwe wazi kwa wote, njia ipo: nilipe ada. Sitaitaja kwa tarakimu, nanyi mnaijua. Ilizidi gharama zote za safari zangu za miaka minne. Ili wasomaji wengine waone ukubwa wa jambo hili duniani, inatosha kukumbuka kwamba jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021, ada yake ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja.

Ada hizi zilibuniwa kwa fani zenye ruzuku kubwa, ambako gharama ya uchapishaji ni mstari mdogo mwishoni mwa bajeti. Fani yetu haiko hivyo. Watafiti Indra Overland na Benjamin Sovacool walipochunguza ruzuku za utafiti za miaka 1990 hadi 2018, waliona kwamba katika utafiti wa mabadiliko ya tabianchi sayansi asilia na za kiufundi zilipata asilimia 770 zaidi ya sayansi za jamii. Utafiti wa kijamii kuhusu kupunguza mabadiliko hayo ulipata asilimia 0.12 ya fedha zote za utafiti walizozikagua. Wengi wetu tunafanya kazi bila ruzuku kabisa. Kutudai ada ileile ni kusema kwamba sauti yetu isikike nyuma ya ukuta au isisikike.

Mtasema upo msamaha wa ada. Niliuomba. Nikajibiwa kwamba jarida lenu ni la mchanganyiko, nusu ya kulipia na nusu huria, na msamaha hautolewi kwa majarida ya aina hiyo. Hata pale unapotolewa, mara nyingi hufuata orodha ya mapato ya nchi, kana kwamba mtafiti asiye na ruzuku katika nchi ya kipato cha kati anaweza kuchota kwenye pato la taifa.

Mtasema pia kwamba kuchapisha kuna gharama. Kuna. Kuna wahariri wa lugha, seva, hifadhi ya kudumu, na watu hao lazima walipwe. Lakini wahakiki hatulipwi, waandishi hatulipwi, na wahariri wengi mnalipwa na vyuo vyenu. Na mfano wa njia nyingine uko ndani ya fani yetu: Journal of Political Ecology limekuwa likichapisha tangu 1994 bila kumtoza msomaji. Brazili ilianza kujenga SciELO, maktaba huria ya majarida mtandaoni, mwishoni mwa miaka ya 1990, na majarida mengi ya Amerika ya Kusini yakafunguliwa kwa fedha za umma. Mwaka 2015 wahariri wa jarida la isimu la Lingua waliposhindwa kukubaliana na mchapishaji wao kuhusu mambo haya, walijiuzulu kwa pamoja wakaanzisha jarida huria la Glossa. Siwaombi mjiuzulu. Naomba msiseme haiwezekani.

5. Lugha

Watu wa mto ule wana maneno matatu ya maji yaliyoharibika. Moja ni la maji ya tope baada ya mvua, la pili ni la maji yaliyochacha kwa kutulia. La tatu walilitunga wenyewe baada ya kiwanda kufunguliwa. Neno hilo la tatu, kwangu, ndilo lililokuwa ugunduzi wa makala: jamii ilikuwa imeutambua uchafuzi, imeutenga na mabadiliko ya kawaida ya mto, na kuupa jina, miaka mingi kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Mlinitaka nitumie neno moja la Kiingereza kwa yote matatu, na nukuu za lugha yao niziondoe zote kwa sababu zinakula nafasi katika idadi ya maneno. Niliomba angalau ikisiri moja, yaani muhtasari wa makala, kwa lugha yao. Mlisema mfumo hauna mahali pa kuiweka.

Nilikubali, kwa kuwa mkataba wangu wa kazi ulihitaji makala ile. Najuta, na nawaomba radhi watu wale hapa hadharani.

Hili si suala la hisia tu. Mtafiti Tatsuya Amano na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kati ya maandiko 75,513 ya kisayansi kuhusu uhifadhi wa bayoanuwai ya mwaka 2014, asilimia 35.6 hayakuwa kwa Kiingereza. Mwaka 2023 uchunguzi mwingine wa Amano na wenzake, wa wanasayansi 908 wa mazingira, ulionyesha kwamba wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza hukataliwa makala kwa sababu ya lugha mara 2.5 hivi zaidi ya wenzao, na kutakiwa kusahihisha lugha mara 12.5 zaidi. Hao ni wa ekolojia, ambao jedwali na mchoro huwasemea sehemu ya kazi. Sisi data yetu yenyewe ni lugha. Tukinyimwa maneno ya watu tuliowahoji, tumenyimwa vipimo vyetu.

6. Muda

Miezi 19. Tisa kati ya hiyo ilipita kabla ya mhakiki wa kwanza kupatikana, na hakuna aliyeniandikia. Najua wahakiki wanajitolea, mimi ni mmoja wao. Lakini jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, huweka tarehe ambayo maandiko yasiyokubaliwa kuchapishwa kabla yake hayaingii katika ripoti. Vikao vya vibali navyo vina tarehe. Mto hauwasubiri wahakiki. Mwandishi aliyeambiwa ukweli mapema angeweza kupeleka kazi yake kwingine.

Ninayoomba

Nimejitahidi kuomba yale ambayo bodi inaweza kuyaamua yenyewe, bila kungoja dunia nzima ibadilike.

(a) Makala yoyote inayotokana na mahojiano au maarifa ya jamii iliyoathiriwa na uchafuzi, uchimbaji, kuhamishwa au janga, muswada wake uliokubaliwa uruhusiwe kuwekwa wazi siku ileile ya kuchapishwa. Ondoeni miezi 24.

(b) Jamii husika ipewe toleo rasmi bure, lenye kurasa na nembo, pamoja na barua ya jarida inayothibitisha uhalali wake, ili lisikataliwe mbele ya baraza au mahakama.

(c) Fomu ya kuwasilisha makala ikubali mwandishi asiye na taasisi. Hili ni la mtu wa kompyuta kurekebisha kwa siku moja.

(d) Nukuu za lugha asilia zisihesabiwe katika ukomo wa maneno, na kila makala iruhusiwe ikisiri ya pili kwa lugha ya watafitiwa.

(e) Makala za utafiti wa kitaamuli, ule unaotegemea mahojiano na maelezo ya watu kuliko takwimu, zihakikiwe na angalau mtu mmoja anayeufanya. Mwongozo wenu useme wazi kwamba kisa cha mahali pamoja si kasoro.

(f) Msamaha wa ada utolewe kwa kuangalia kama utafiti ulikuwa na ruzuku au haukuwa nayo, na uwahusu pia waandishi wa jarida la mchanganyiko.

(g) Mwandishi aandikiwe kila baada ya miezi mitatu makala yake imefikia wapi.

Juu ya hayo, naomba makala yangu ifunguliwe sasa, na irekebishwe kwa kuongeza jina la mwandishi mwenza. Idhini yake iliyosainiwa iko katika faili lenu tangu siku ya kwanza.

Nangoja jibu la bodi ndani ya siku 60, na ningependa litolewe hadharani kama barua hii, ili wahariri wengine nao walione. Hadi hapo nimejiondoa katika orodha yenu ya wahakiki. Makala mbili zilizokuwa mikononi mwangu nimezimaliza na kuzirudisha, kwa sababu waandishi wake hawana kosa.

Kikao cha pili cha kibali cha kiwanda kimepangwa baada ya miezi mitatu. Mzee mwenye daftari atakuwepo, ameniambia atakaa safu ya mbele. Naomba siku hiyo awe na toleo rasmi mkononi, lenye jina lake.

Wenu katika taaluma,

Mtafiti wa sayansi ya jamii na mazingira,
mwandishi na mhakiki wenu wa zamani.